Punda au farasi amekula sumu: soma dalili kabla ya kummiminia chochote

Farasi hatapiki. Punda hali kadhalika, na nyumbu pia. Mlango wa juu wa tumbo lake umebana kiasi kwamba kilichoingia hakirudi, hata tumbo likijaa hadi kupasuka. Kwa hiyo maji ya chumvi ya kumtapisha hayana kazi. Maziwa, mafuta ya kupikia, mayai mabichi au maji ya majivu, vikimiminwa kwa chupa ya soda huku watu wawili wamemnyanyua kichwa, mara nyingi huishia mapafuni, kwa sababu mnyama aliyelegezwa na sumu hamezi sawasawa. Wapo punda walioishinda sumu yenyewe, kisha wakafa siku chache baadaye kwa nimonia ya yale maziwa.

Mwongozo huu nauandika kwa wenye punda wa mikokoteni na wa kubebea maji, na kwa wachache wanaofuga farasi, ambao daktari wa mifugo yuko saa kadhaa kutoka walipo. Kuitoa sumu tumboni ni kazi ya daktari. Yako ni kuzuia isiendelee kuingia, kutofanya yanayoharibu, na kusoma dalili vizuri ili anayekuja aje na dawa inayotakiwa. Hilo la mwisho watu hulipuuza, na ndilo linaloamua mengi: zipo dawa mbili za kupe zinazokaa rafu moja dukani ambazo humdhuru punda kwa njia zinazopingana, na sindano inayomwokoa aliyedhurika na ya kwanza humzidishia balaa aliyedhurika na ya pili.

Dakika kumi za mwanzo

Mtoe pale alipo, mfunge kivulini penye ardhi laini, mbali na mtaro na ukuta, maana akianguka ghafla ataumia yeye na atakuumiza wewe. Mvue shogi, lijamu na kamba za mkokoteni. Wenzake waliokula naye waondolee chakula kilekile hata kama wanaonekana wazima. Maji safi muwekee, asilazimishwe.

Usimtembeze. Najua hapa nabishana na wazee, kwa sababu mnyama mwenye maumivu ya tumbo tumezoea kumzungusha uwanjani. Baadhi ya sumu hushambulia misuli ya moyo, na mzunguko wa robo saa unatosha kumwangusha moja kwa moja. Kama hujui amekula nini, mwache asimame.

Sasa mpime. Weka vidole viwili chini ya taya, pale mfupa unapopinda, utahisi mshipa unaoteleza chini ya ngozi. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Farasi mkubwa aliyetulia huwa na mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, punda 31 hadi 53. Yakipita 60 mnyama akiwa amesimama tu, hilo liwe neno la kwanza unalomwambia daktari. Pumzi: farasi 8 hadi 16 kwa dakika, punda 12 hadi 28. Joto la farasi ni nyuzi 37.5 hadi 38.5, la punda liko chini kidogo, 36.2 hadi 37.8, kwa hiyo nyuzi 38.5 ambazo kwa farasi ni za kawaida, kwa punda aliyepumzika kivulini ni homa.

Inua mdomo wa juu utazame fizi. Zinatakiwa ziwe za waridi na zenye unyevu. Bonyeza kwa kidole hadi paweupe, kisha achia: rangi irudi kabla ya sekunde mbili. Fizi nyekundu iliyokolea, zambarau, au yenye mstari wa bluu kuzunguka meno inaonyesha damu haizunguki vizuri. Mwisho, weka sikio ubavuni, kulia na kushoto, juu na chini, dakika nzima kila mahali. Tumbo lenye afya lina mngurumo na milio ya maji. Andika ulichosikia.

Punda ni mvumilivu mno, na uvumilivu wake humponza. Farasi akiumwa tumbo hujigaragaza, hujipiga teke, hulowa jasho. Punda husimama tu, kichwa chini, masikio yamelala, chakula hakigusi. Ukisubiri ajigaragaze ndipo upige simu, utakuwa umechelewa sana. Punda aliyegoma kula ni mgonjwa, hata kama hana dalili nyingine.

Baada ya dawa ya kupe: tumbo linapiga kelele, au limenyamaza?

Hapa tukae kidogo, kwa sababu kisa hiki kinafanana kila mahali. Ng'ombe wamepuliziwa, dawa imebaki kwenye pampu, na mwenye punda akaona si vibaya amalizie kwa punda. Au dawa ilinunuliwa kidogo kidogo, muuzaji akaipima kwenye chupa ya maji ya kunywa yenye kizibo cha bluu, bila lebo. Tabia hii ya maduka ya pembejeo kupima sumu kwenye chupa za maji inanikera kuliko karibu kila kitu katika kazi hii. Chupa isiyo na lebo inamnyima daktari habari anayoihitaji kuliko zote.

Kundi la kwanza ni organofosfeti, kama klorfenvinfosi, koumafosi na dayazinoni, pamoja na ndugu zake kabameti. Nyingine hutumika shambani kuua wadudu wa mboga na mahindi. Zinazuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva, basi kila tezi na kila msuli unaendelea kupokea amri isiyokoma. Ndani ya dakika hadi saa chache utaona mate yanachuruzika, machozi, jasho, kukojoa mara kwa mara, kuharisha, misuli ya mabega na mapaja inacheza chini ya ngozi, mboni za macho zimekuwa ndogo, na pumzi inakoroma kwa sababu njia za hewa zimejaa ute. Tumbo linanguruma mpaka unalisikia ukiwa umesimama kando. Dawa yake ni atropini, na kwa organofosfeti huongezwa pralidoksimu, ambayo inafaa zaidi ikitolewa mapema. Hata hapa daktari hupima atropini kwa hadhari, maana ikizidi huusimamisha utumbo wa farasi.

Kundi la pili ni amitrazi. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri ya kupe. Kwa farasi na punda haifai kabisa, na lebo zake nyingi zinasema hivyo. Mnyama hachangamki: anasinzia, mdomo wa chini unaning'inia, anayumba akigeuka. Ukiweka sikio ubavuni husikii kitu. Hatoi kinyesi. Siku ya pili au ya tatu utumbo mpana unakuwa umejaa kinyesi kikavu kilichoganda, na ndicho kinachomuua. Dawa zinazoweza kuipinga ni yohimbini au atipamezoli, pamoja na maji mengi na mafuta ya madini yanayopelekwa tumboni kwa mpira wa puani.

Sasa fikiria mtu anayesikia "amepuliziwa dawa ya kupe" kwenye simu, akafika na atropini mkononi. Kama ilikuwa amitrazi, utumbo ambao umeshasimama anaufunga kabisa. Ndiyo maana sikio lako ubavuni ni kipimo chenye thamani kubwa hata kama huna kifaa chochote. Mwambie daktari: tumbo linanguruma na anaharisha, au tumbo kimya na hajanya tangu jana.

Tumbo kimya lina wengine wa kushukiwa. Mnanaha, yaani gugu la datura, ukivunwa pamoja na majani, au mbegu zake zikichanganyika na nafaka, huusimamisha utumbo vilevile, ila mboni za macho huwa kubwa mno, mdomo mkavu na mapigo ya haraka. Na punda anayeshinda jalalani anaweza kuwa na mifuko ya plastiki au kamba za viroba tumboni. Huyo hana sumu, ingawa kwa nje anafanana na wa amitrazi. Tofauti ni kwamba wa plastiki amekuwa akikonda kwa wiki nyingi, tumbo limemvimba, na hakuna aliyempaka dawa.

Iwe ni dawa ipi, kama ilipita kwenye ngozi, mwoshe. Vaa glavu, au mifuko mikononi kama huna, maana organofosfeti hupenya ngozi yako pia. Tumia maji ya kawaida na sabuni ya kuoshea vyombo, suuza muda mrefu, rudia. Maji ya moto hapana: yanaivuta damu kwenye ngozi na sumu inaingia kwa kasi zaidi. Maji machafu yasielekee kisimani wala kwenye hori.

Punda mwenye kupe hakosi dawa. Zipo za jamii ya pairethroidi, kama sipamethrini na deltamethrini, ambazo farasi na punda huzihimili zaidi zikichanganywa kwa kipimo cha lebo.

Amekula chakula cha kuku

Punda kafungua kamba usiku, kakuta gunia la chakula cha broila, kala hadi kushiba. Au mwenye farasi ameishiwa pumba akachota kwa kuku "siku moja tu". Watu hudhani tatizo ni kuvimbiwa. Tatizo kubwa zaidi ni dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, ambayo viwanda huchanganya kwenye chakula cha broila na vifaranga: monensini, salinomaisini na jamii yake. Monensini huwekwa pia kwenye baadhi ya vyakula vya ng'ombe.

Kuku huihimili monensini karibu mara mia moja kuliko farasi. Kwa farasi, miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kuua nusu ya wanaoila. Chakula cha broila huwa na miligramu 100 hivi katika kila kilo. Tumchukulie punda wa kilo 150 na tumpe kipimo cha farasi: miligramu 300, yaani kilo tatu za chakula. Kilo tatu ni kidogo kwa punda mwenye njaa aliyekaa na gunia usiku kucha. Salinomaisini ni kali zaidi ya hapo.

Anaanza kwa kukikataa chakula hichohicho. Kisha jasho, kuhangaika kama mwenye maumivu ya tumbo, miguu ya nyuma inalegea, anajitahidi kusimama anashindwa. Mapigo yanakwenda kasi na yanaruka: mawili, kimya, matatu, kimya. Mkojo unaweza kuwa wa rangi ya kahawa, ambayo ni misuli inayovunjika na kupita kwenye figo. Wengine hukutwa wamekufa asubuhi bila dalili yoyote. Dawa ya kuipinga hakuna. Kinachosaidia ni mkaa uliotayarishwa kwa tiba, ukipelekwa tumboni kwa mpira mapema kabla dalili hazijaanza, halafu maji ya mshipani na utulivu kamili. Kwa hiyo ukimkuta ana unga wa chakula cha kuku puani, piga simu hapohapo, hata kama anakutazama kama vile hakuna kilichotokea.

Nitaje mkaa huo, kwa kuwa watu huniuliza kama wa jikoni unafaa. Haufai, haujatengenezwa kunasa sumu. Vidonge vya duka la dawa ni vya kweli, lakini kipimo ni gramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya mnyama. Punda wa kilo 150 anahitaji gramu 150 kwa uchache. Kwa vidonge vya miligramu 250 hivyo ni vidonge 600, na bado vinahitaji mpira wa kuvifikisha tumboni.

Wanyama kadhaa wakianguka pamoja, tazama walichopewa wote. Aprili 2009 huko Wellington, Florida, farasi 21 wa polo wa timu moja walikufa kabla ya mechi. Walikuwa wamedungwa mchanganyiko wa virutubisho uliotayarishwa ukiwa na seleniamu kupita kiasi. Dawa inayoitwa ya kuongeza nguvu haiachi kuwa sumu kwa sababu ya jina lake. Na kwa upande wetu: antibiotiki za nguruwe na kuku zenye linkomaisini au tailosini hazipewi farasi wala punda, maana huua vijidudu vyema vya utumbo mpana na kuleta mharisho wa kuua.

Anasukuma ukuta kwa kichwa

Anazunguka upande mmoja, anagonga vitu kama kipofu, ameegemeza paji la uso kwenye ukuta au mti, chakula kinamwanguka mdomoni. Kama kwa wiki kadhaa amekuwa akila mahindi yaliyoota ukungu, au pumba na chenga zake, mshukiwa ni fumonisini. Hii ni sumu ya kuvu wa fyuzari, na kwa jamii ya farasi hulainisha ubongo hadi ukawa majimaji ndani ya fuvu. Mahindi mabovu ambayo binadamu ameyakataa ndiyo huishia kwa punda, na yeye ndiye mnyama wa boma anayedhurika nayo vibaya sana. Ukungu usipoonekana kwa macho bado sumu inaweza kuwepo. Tiba haipo, kifo huja mara nyingi ndani ya siku moja hadi tatu baada ya dalili za kichwa. Okoa waliobaki: chakula kile kisimame leo.

Lakini kabla hujaamua ni mahindi, kuna jambo zito zaidi. Kichaa cha mbwa kwa punda kinaweza kufanana na haya kwa kila hali, pamoja na mate na kushindwa kumeza. Usiingize mkono mdomoni kutafuta kitu kilichokwama. Mate yakikugusa kwenye kidonda au akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Pepopunda nayo huchanganywa na sumu: mnyama amekakamaa, mkia umenyooka, kope la tatu linafunika jicho akishtuka, na ukitafuta vizuri utakuta jeraha la kwato au la mgongoni.

Nyinginezo, kwa kifupi

Damu puani, fizi zenye madoa mekundu, uvimbe wa damu pale alipogongwa kidogo tu, siku kadhaa baada ya kupotea kwa chambo cha panya: ni sumu inayozuia damu kuganda. Tiba ni vitamini K1. Usikubali K3, kwa sababu huharibu figo za farasi.

Harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza mdomoni, jasho, kutetemeka na kuanguka upesi: fosfaidi, ya sumu ya panya au ya vidonge vya kuhifadhia nafaka. Gesi inayotoka kwa mnyama huyo inadhuru watu. Muwe nje, upepo ukiwa mgongoni kwenu, na daktari umwambie kabla hajaingiza mpira.

Uvimbe wa kichwa, midomo, ulimi na kifua: uliza kama alikatiwa matawi ya parachichi. Kwa farasi, kama uvimbe umejaa kwenye vile vishimo vya juu ya macho na ana homa, fikiria ugonjwa wa virusi unaoenezwa na usubi.

Mkojo wa matone matone na miguu ya nyuma iliyolegea kwa mnyama anayelishwa mtama mbichi: mtama wenyewe.

Kifo cha ghafla karibu na bustani yenye oleanda: majani machache tu yanatosha, yawe mabichi au makavu, kwa sababu hushika moyo. Usikate ua huo ukautupa nje ya uzio.

Unachomwambia daktari, na unachohifadhi

Simu nyingi huanza hivi: "Shikamoo daktari, punda wangu amelishwa sumu na jirani." Huenda. Ila mengi niliyoyakuta yalikuwa stoo ya nyumba hiyohiyo, na ugomvi wa jirani unakula dakika tunazozihitaji. Simu inayosaidia ni kama hii: "Punda jike, kilo kama 150, ana mimba. Jana jioni alipuliziwa dawa ya kupe. Leo mapigo 64, fizi nyekundu, tumbo kimya pande zote, hajanya. Nakutumia picha ya chupa."

Piga picha ya lebo, hasa mstari mdogo wa viambata, kwa kuwa jina kubwa la biashara halitoshi. Weka kilo moja ya chakula kwenye mfuko wa karatasi, pakavu. Plastiki huzidisha ukungu. Kama unashuku fosfaidi, kinyume chake: chombo kisichopitisha hewa, na kwenye barafu. Akifa, daktari achukue vipande vya ini, figo na yaliyomo tumboni. Kwa Tanzania sampuli hizo hupokelewa na maabara za veterinari za serikali na Mkemia Mkuu wa Serikali. Lamu, Kenya, ambako punda ndiye usafiri wa mitaani, The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza la kutunza punda, ilifungua kituo chake mwaka 1987.

Mzoga usiliwe, usichunwe, usiachiwe mbwa. Fosfaidi na kabameti huua na wanaomla aliyekufa. Fukia kwa kina, mbali na kisima.

Akinusurika

Punda aliyekaa siku mbili tatu bila kula ana hatari mpya. Mwili wake huanza kuyeyusha mafuta kwa wingi, damu ikawa nyeupe kama ina maziwa, ini na figo zikashindwa. Wanene na wenye mimba ndio wa kwanza. Mshawishi ale: majani mabichi laini, karoti, pumba safi iliyoloweshwa na sukari guru kidogo, mara nyingi kwa siku. Mrudishe karibu na mwenzake aliyezoeana naye, maana akitengwa hugoma kula kwa upweke. Kama hadi kesho yake hajagusa kitu, daktari arudi.

Aliyekula chakula cha kuku asirudi kwenye mkokoteni kwa sababu tu anatembea vizuri. Kovu la moyo halionekani kwa nje, na wengine huanguka wamebeba mzigo wiki au miezi baadaye. Asikilizwe moyo, apimwe umeme wa moyo kama kifaa kinapatikana. Mapigo yakiendelea kuruka, huyo hafai tena kazi, na usimuuzie mtu mwingine kama punda wa kazi.